Nimepewa usupavaiza, mzee aliyenifundisha kazi sasa yuko chini yangu na bosi anataka nimwandikie onyo. Wakubwa nishaurini

Baiskeli Mbovu

Habari za jioni wakuu, wakubwa shkamooni. Nipo hapa Tanga mjini nafanya kazi kiwandani, kiwanda sikitaji na msinibane maana Tanga hii ndogo, mtu ukisema tu geti lina rangi gani watu washajua mpaka bibi yako kaolewa wapi.

Ki ukweli mimi pale niliingia kama kibarua, ile ya kusimama getini asubuhi na wenzio anayetakiwa ananyooshewa kidole. Baadae nikapelekwa kwenye lain ya pakingi kama helpa, nikapewa mkataba, na hapo ndo nikakutana na huyu mzee, tumwite Fundi. Huyu bwana hana cheti hata kimoja lakini ile mashine anaijua kuliko waliokuja kuifunga, anaweza kuwa kakaa pembeni anakunywa chai yake akakwambia hebu zima hiyo, beringi ya nyuma inakufa, na wewe husikii kitu chochote, ukizima ukafungua unakuta kweli imeshaanza kulika. Kila ninachojua pale nimekipata kwake. Alikuwa ananipiga makonzi kabisa nikikaza nati vibaya na sikuwahi kununa maana kwangu mimi ni kama baba mdogo, hata nilipooa alikuja na mkewe wakaleta doti za kanga.

Sasa supavaiza wetu wa shifti ya usiku kapata kazi Dar kaondoka, nikaitwa ofisini nikaambiwa kuanzia mwezi unaokuja ni wewe. Sikuomba. Nina cheti cha VETA, Fundi hana, nadhani ndo hesabu waliyopiga.

Toka hapo mambo yamegeuka. Wale niliokuwa nakaa nao benchi moja kwa mama lishe tunagawana chapati na maharage, sasa nikifika stori inakatika. Wananiita nyapara, mwanzo nikajua utani. Grupu letu la wasapu la shifti likawa kimya ghafla, kumbe wamefungua jingine mimi simo, nimelijua kwa sababu mmoja alikosea akanitumia mimi picha iliyokuwa inaenda kule. Picha yenyewe ni mimi nimevalishwa ile kofia ya mkoloni na kaptula. Nilicheka lakini iliniuma.

Hilo dogo. Kubwa ni kwamba Fundi anachelewa. Shifti inaanza saa mbili usiku, yeye anaingia na nusu, siku nyingine inakaribia saa tatu, anaegesha baiskeli yake anavaa ovaroli kimya kimya anaingia kwenye mashine. Kwa supavaiza aliyepita ilikuwa hivyo hivyo, ila yule alikuwa anamjazia kitabuni kwamba kaingia saa mbili, basi mambo yanaisha. Mimi sijamjazia kawahi wala sijaandika kachelewa, naacha pale pako wazi. Meneja kaona zile nafasi wazi kaniita, kasema anataka barua ya onyo mezani kwake kabla mwezi haujaisha, na akaongeza kwamba anataka ajue kama kaweka kiongozi au kaweka mshkaji wa watu.

Nikiandika nimemgeuka mzee aliyenilea kazini. Nisipoandika naandikiwa mimi. Na juu yake kuna orodha ya ovataim ambayo naipanga mimi, wale wa benchi wanategemea niwape wao kwa kuwa tulikuwa wote, na wengine wanasema nampendelea Fundi. Naomba mawazo ya waliopitia, ya kwenye semina nimeshayasikia.

Chuma cha Reli

Andika barua. Kazini hamna baba mdogo. Saa mbili ni saa mbili, kama anakuona mwanae kweli angewahi. Ukiwa na huruma ya hivyo wenzio wote watakuja saa tatu na mashine utaiendesha na meneja.

Pweza Mkavu

Umepewa cheo, umeongezewa hela, af unakuja kutulilia huku. Tupe sisi hizo stresi. Mimi nipo hapa Makorora napiga doria ya kiti toka Januari.

Hiyo picha ya kofia itupie na sisi tuone kama imekukaa.

Inchaji wa Wodi

Kaka Baiskeli pole na hongera, vyote viwili. Mimi ni nesi, inchaji wa wodi kwenye hospitali moja mkoani hapa, na hayo unayosema nimeyala. Niliowekwa juu yao ndo hao hao tuliokuwa tunapiga soga usiku, na mmoja ni dada aliyenipokea natoka chuo, yeye ndiye alinifundisha kutafuta mshipa kwa kitoto kichanga, kitu ambacho chuoni unaonyeshwa kwenye picha unaambiwa haya umefuzu.

Kwetu vita yote ipo kwenye rosta. Watu wa nje wanafikiri manesi wanagombania mshahara, hapana, tunagombania rosta. Na Tanga Idi unaijua, hakuna anayetaka kuingia usiku wa Idi mosi, kwa hiyo Wakristo wanaziba, ikifika Krismasi na Pasaka Waislamu wanaziba, ni mpango mzuri tu wa watu wanaoishi pamoja lakini ukiwa mikononi mwa mtu mwenye visasi unageuka fimbo. Kabla yangu rosta ilikuwa inakaa kwenye simu ya mtu. Leo umepangwa, kesho ukiulizia unaambiwa imebadilishwa, nani kabadilisha hujui, ila ukiangalia vizuri waliopona ni wale wale wanaomletea dagaa uono nyumbani.

Mimi nilichofanya nilijipanga mwenyewe usiku wa Idi, na ni Muislamu, nikaibandika rosta ukutani mapema kabisa kwa kalamu ya wino, na pembeni ya kila jina nikaweka toka mwaka uanze kaingia usiku mara ngapi na sikukuu ngapi. Sikutoa hotuba. Kununiwa niliendelea kununiwa, yule dada yangu alikaa muda mrefu ananijibu kwa kichwa tu, lakini maneno ya upendeleo yalikatika maana mtu akitaka kusema kaonewa anaambiwa haya twende ukutani tukahesabu.

Sasa wewe hiyo orodha ya ovataim ipo wapi? Kama ipo kwenye mfuko wa ovaroli lako basi grupu la pili lazima liwepo, mimi mwenyewe ningejiunga.

Na hili la kitabu. Kuacha pako wazi unaona umemhurumia Fundi, lakini pale pakiwa wazi anayepajaza ni meneja, na anapajaza anavyotaka yeye. Ndo maana umeitwa.

Mwisho, nimeisoma post yako yote juu hadi chini mara mbili, sijaona mahali umemuuliza Fundi kwa nini anachelewa. Umemuuliza?

@Chuma wewe unaongea kama mtu ambaye hajawahi kumpangia zamu hata paka.

Chuma cha Reli

Nina watu chini yangu gereji. Wanawahi wote.

Baiskeli Mbovu

Dada Inchaji sijamuuliza. Naanzaje? Mtu mzima yule, kampita baba yangu kwa umri, nimsimamishe nimwambie kwa nini unachelewa kama mtoto wa darasa la tatu?

Inchaji wa Wodi

Unaanza na shkamoo kama siku zote. Kwani barua ya cheo imesema uache kumwamkia?

Na usimuulize kiwandani. Mfuate nyumbani.

Mtu wa Tishali

Niongeze kidogo upande wa bandarini, nimetoka kazi jana usiku nina usingizi kwa hiyo mnivumilie herufi. Zamani hapa Tanga kabla hawajachimba lango na kuongeza kina meli kubwa zilikuwa hazisogei gatini, zinatia nanga huko nje mbali tunaufuata mzigo na matishali, mnapakua melini mnashusha kwenye tishali linavutwa mpaka ukutani mnapakua tena, kazi moja inafanywa mara mbili. Sasa hivi gati zimeongezwa kina, meli inakuja yenyewe inafungwa hapo, vijana wa leo hawajui tulichopitia.

Ninachotaka kusema, kule nangani ukigombana na mtu huna pa kwenda. Boti ya kukurudisha ufukweni inakuja mwisho wa zamu, mpaka hapo mko humo humo kwenye tumbo la meli na jua lile na vumbi la klinka. Niliwahi kupewa gengi, watu ambao jana yake tulikuwa tunasukumana kama watoto. Wa kwanza kunigomea alikuwa rafiki yangu wa damu, nikimwambia shika kamba ile ya mzigo anajifanya hasikii. Sikumfokea mbele ya watu, nikashika mwenyewe ile kazi aliyoikataa, nikafanya mpaka ikaisha, halafu jioni kwenye kuandika nikaandika kazi ile imefanywa na mimi. Alivyoona karatasi akaja juu, unanikata hela! Nikamwambia sijakukata kitu, hebu soma, kuna uongo hapo? Akasoma akarudisha. Hatukurudi kuwa marafiki kama mwanzo na sidai kwamba tulirudi, ila kazi aliifanya.

Kwa hiyo mimi kuhusu benchi la mama lishe nakwambia lisahau kidogo. Kaa nao, kula nao, lakini nyanyuka mapema uwaachie nafasi wakuseme. Watu lazima wapate pa kumsema bosi, usiwafuate mpaka huko, hata hilo grupu lao usilitafute.

Pweza Mkavu

Mtu wa Tishali huyu kaandika akiwa na usingizi kanishinda mimi niliyelala toka asubuhi.

Babu wa Korona

Wajukuu shkamoo zenu nimezipokea, marahaba. Naandika taratibu macho hayanisaidii.

Nimezaliwa kwenye shamba la mkonge, njia ya Muheza kwenda Korogwe huku. Marehemu baba alikuja toka Songea, manamba, akawa anasema anarudi mwakani, mwakani, mpaka tukamzika hapa hapa. Kwa hiyo hilo jina wanalokuita nimelisikia toka nipo mgongoni na nina la kukwambia.

Zamani mkata mkonge alikuwa anafanya kazi kwa kipande. Karatasi ya siku 30. Ukimaliza kazi yako ya siku nyapara anakuja na daftari na kalamu anatia alama kwenye kipande chako, usipomaliza hatii, siku hiyo haimo, utairudia, na mshahara hautoki mpaka kipande kijae. Kuna mtu siku 30 anazimaliza kwa mwezi mmoja na kidogo, kuna mtu anakaa na kipande miezi miwili kwa sababu ya homa, mvua, na kwa sababu ya nyapara.

Nilikuwa mtoto nampelekea baba uji shambani na nimewaona wawili. Wa kwanza alikuwa mcheshi sana, anaimba na watu, anajua majina ya watoto wote, ngoma Jumamosi yupo mbele. Lakini kama hujampelekea kuku alama haionekani, na hakugombezi, anakwambia kwa upole jamaa yangu matita yako leo yamepungua, kesho jitahidi. Na yalikuwa hayajapungua, baba alikuwa ananihesabia mimi nijifunze hesabu. Wa pili alikuwa mkavu, hacheki, hata salamu yake ya kubana, lakini anahesabu kwa sauti mbele ya mwenye mzigo, na wenzie wa mstari wanasikia, ikipungua anasema imepungua, ikitimia kalamu inapita pale pale. Watu walimchukia kweli huyo wa pili. Walimsengenya sana. Lakini siku ilipotoka habari kwamba anahamishwa shamba jingine ndo nikaona wazee wakienda kwa bosi kumwombea abaki, na yule wa ngoma wala hakuna aliyewahi kumwombea kitu.

Mwaka 1967 Azimio la Arusha likaja, serikali ikachukua mashamba mengi. Mzungu akaondoka, kwenye ile nyumba ya kilimani akaingia Mwafrika mwenzetu, tulicheza ngoma mpaka asubuhi wallahi. Asubuhi kwenye mistari ya mkonge aliyekuja na daftari ni yule yule wa kuku. Basi ngoma ikatuishia mwilini. Baadae nikaja kufanya kazi korona, kwenye mashine ya kukamua mkonge, mpaka nikawa msimamizi, na bei ya mkonge ilishaanguka kwa ajili ya kamba za nailoni, mishahara inachelewa, nimewaona wakurugenzi wakija na kuondoka na sikumbuki majina yao. Waliokuwa wanatia alama nawakumbuka wote.

Sasa mjukuu hapo ulipo wewe ndiye mwenye kalamu. Meneja yupo ofisini, Fundi wako kila siku anakutana na wewe. Barua kama ni ya kweli iandike, lakini kabla haijafika kwa meneja msomee yeye mwenyewe Fundi. Neno ambalo ulimi wako unakuwa mzito kulisoma mbele yake lifute.

Baiskeli Mbovu

Marahaba... samahani Babu, shkamoo. Nimesoma hii nikiwa kazini nikasoma tena.

Mjumbe Tawini

Mimi sio wakili, nimekuwa mwakilishi wa chama cha wafanyakazi kwenye tawi letu kwa muda na nimekaa kwenye vikao vya nidhamu vingi kuliko harusi. Hayo ya busara wamekupa wengine, ngoja nikupe ya karatasi, kwa sababu naona unaichukulia hiyo barua kama ni jambo kati yako na mzee wako na sio hivyo.

Kuchelewa peke yake sio kosa la kumwondoa mtu siku moja, linaanza na maonyo, na ndo maana wanataka onyo. Siku wakiamua kumwachisha, kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 mwajiri ndiye anayetakiwa kuthibitisha kwamba alikuwa na sababu ya haki na alifuata utaratibu wa haki. Fundi naye ana siku 30 za kupeleka mgogoro CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Na kielelezo cha kwanza kitakachotolewa mezani ni karatasi yenye sahihi yako. Meneja atakuwa kakaa pembeni, atakayeulizwa maswali ni wewe.

Na utaulizwa nini? Kitabu cha mahudhurio. Miezi yote ya supavaiza aliyepita kitabu kinasema Fundi kawahi saa mbili kamili. Miezi yako kitabu kiko wazi. Halafu wewe umeandika barua kwamba "amekuwa akichelewa kwa muda mrefu". Haya jibu. Ukisema kitabu ni cha uongo umemuingiza mwenzio aliyeondoka, ukisema kitabu ni cha kweli barua yako ndo ya uongo. Kwa hiyo kuanzia usiku wa leo andika saa aliyoingia, yake na ya kila mtu mwingine, pamoja na ya kwako. Na chochote utakachopeleka kiishie kwenye yale uliyoyaona wewe kwa macho yako toka uliposhika hiyo shifti, usibebe ya nyuma.

Kuhusu ovataim kwa kuwa unaipanga wewe ujue mipaka. Kawaida ni masaa 45 kwa wiki. Ovataim inakuwa kwa makubaliano, sio amri, na haitakiwi kuzidi masaa 50 kwenye mzunguko wa wiki nne, malipo yake yasipungue mara moja na nusu. Kazi ya usiku, saa 2 usiku mpaka saa 12 asubuhi, ina nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Nayasema haya kwa sababu supavaiza wengi wanagawa ovataim kama sadaka ya Ijumaa, huyu mpe huyu mnyime, wakati kuna mtu kashapitiliza masaa na kuna mwingine hajaonja. Bandika ukutani kama alivyosema dada Inchaji, na weka jumla ya masaa ya kila mtu.

Na swali la dada halijajibiwa. Kwa nini anachelewa? Ikiwa sababu ni ya msingi kuna kuhamishwa shifti, na hilo linaombwa kwa maandishi.

Mswahili wa Usagara

Nakuja kwa upande mwingine. Mnamwambia tu aandike vizuri, mbona hamna anayemwambia asimame mbele ya meneja aseme hii shifti ni yangu, lawama ni yangu? Mzee Mwinyi, Mungu amrehemu, mwaka 1976 akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani watuhumiwa walikufa mikononi mwa vyombo vya dola kule Shinyanga na Mwanza. Hakuua yeye, hakuwepo, lakini wizara ni yake akaandika barua ya kujiuzulu. Siku hizi hata choo cha ofisi kikiziba bosi anatafuta wa kumsukumia. Kiongozi anakuwa ukuta kati ya mkubwa na watu wake, akirudi nyuma watu ndo wanapigwa.

Chuma cha Reli

Mwinyi alikuwa waziri, ndugu yangu. Alijiuzulu akapelekwa ubalozi Misri, akaja akawa Rais wa Zanzibar 1984, mwaka uliofuata Rais wa Muungano. Baiskeli akijiuzulu anapelekwa wapi, kusukuma toroli soko la Mgandini?

Mswahili wa Usagara

Wakati anaandika ile barua alikuwa hajui kama kuna ubalozi wala urais. Usimsomee mtu maisha yake kuanzia mwisho.

Lakini sijasema ajiuzulu. Nimesema abebe.

Mtu wa Tishali

Abebe nini wakati hajui mzigo wenyewe, bado hajaongea na mzee. Nyie mnabishana juu ya mtu ambaye hajaulizwa.

Baiskeli Mbovu

Jamani samahani nilipotea, nilikuwa na zamu mfululizo. Nimeenda.

Nilimfuata kwake Jumapili huko Mabokweni, nikakuta kakaa barazani anaziba pancha. Shkamoo, marahaba, nikaletewa kahawa na kashata, tukaongea habari za mashine karibu nusu saa nzima nazunguka tu mpaka yeye mwenyewe akasema umekuja kwa barua. Kumbe alishaambiwa na mtu wa ofisini.

Mkewe kapata kiharusi, upande mmoja haufanyi kazi. Yule mama aliyetuletea kanga. Na mimi sijui! Binti yao ndiye anayemwangalia, ila jioni binti anauza mihogo na samaki wa kukaanga huko barabarani ndo hela ya dawa inatoka hapo, anarudi saa mbili kasoro, ndo mzee anapanda baiskeli anakuja. Sasa piga mwendo wa toka Mabokweni na kale kabaiskeli. Nikamuuliza Fundi mbona hukusema, akaniambia nilimwambia aliyekuwepo, wewe hukuniuliza, ulikuwa unaacha kitabu wazi nikajua unafikiria.

Halafu akaniambia andika. Andika saa nilizoingia, usinipunguzie wala usiniongezee, na zile siku nilizowahi nazo ziweke.

Basi nimeandika, sio onyo, nimeiita taarifa. Tarehe na saa, toka niliposhika shifti tu kama alivyosema Mjumbe, na chini nikaweka maombi ya yeye kuhamishiwa mchana na kwamba usiku nitapata kijana ambaye Fundi mwenyewe kamfundisha. Kabla sijapeleka nilimsomea, Babu. Kuna mstari nilikuwa nimeandika "pamoja na kukumbushwa mara kwa mara" maana nilinakili kwenye barua ya zamani ya mtu mwingine, nilipofika hapo ulimi ukagoma kweli, sijawahi kumkumbusha hata mara moja. Nikaufuta pale pale kibarazani.

Meneja kasoma akasema nimekuagiza onyo umeniletea maombi. Nikamjibu shifti ni yangu na ninachokijua ni hicho, zaidi ya hapo nitakuwa natunga. Kaiweka kwenye droo. Hajasema ndio hajasema hapana, na usoni kwake sikuona furaha.

Orodha ya ovataim nimebandika na masaa ya kila mtu. Usiku wa kwanza ilichanwa. Nimebandika nyingine, hiyo mpaka leo ipo ila kuna mtu kachora kofia pembeni ya jina langu. Mmoja wa wale wa benchi alikuwa na masaa mengi kuliko wote, sasa yamepungua na hanisalimii tena, na ana watoto wanne, namwelewa. Kwenye grupu bado simo.

Swali langu kwa Mjumbe, meneja akirudi akasema nataka onyo na si kingine, nasaini mimi au anasaini yeye?

Mjumbe Tawini

Anayetoa onyo ndiye anayesaini. Kama anataka litoke kwake alitoe yeye na alisaini yeye, na taarifa yako iambatanishwe kama ilivyo, usiibadilishe hata nukta. Baki na nakala yako yenye mhuri wa kupokelewa au hata sahihi ya karani. Ulipeleka kwa mkono bila kusainishiwa?

Baiskeli Mbovu

Kwa mkono. Sikusainishiwa.

Mjumbe Tawini

Kesho peleka nakala ya pili kwa karani wa masijala, agonge mhuri na tarehe. Usimweleze mengi, sema ni kwa ajili ya faili.

Inchaji wa Wodi

Na huyo mama anafanyishwa mazoezi? Kiharusi ukimlaza tu kitandani ule upande unakakamaa. Mwambie binti ampeleke fiziotherapi hospitali ya mkoa Bombo, na kugeuzwa kila baada ya masaa mawili asipate vidonda. Niandikie pembeni nikuelekeze.

Chuma cha Reli

Sikujua kama ni kiharusi. Bado nasema aliyepita alikosea kujaza uongo kitabuni, angeomba huo uhamisho toka mwanzo mzee asingefika hapa. Ila mpe pole.

Pweza Mkavu

Mkuu Baiskeli samahani, nimesoma yote kwa makini kabisa. Fundi akihamia mchana hapo usiku si panabaki nafasi? Nauliza kwa ajili ya shemeji yangu, kijana ana nguvu na anawahi.

Baiskeli Mbovu

Alete barua getini kama wengine. Na ni shemeji yako au ni wewe?

Pweza Mkavu

Getini saa ngapi wanafungua?

Baiskeli Mbovu

Saa moja asubuhi. Wanachagua mapema, ukifika na nusu ushachelewa.